Kulinda Rekodi za Wakazi Mhudumu Akiwa Safarini

Mada iliyotolewa Kimilili kwa wakazi, wahudumu wa afya ya jamii na maafisa wa kaunti



Mada ya leo watu wengi huiona kama ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Ukweli ni kwamba inamhusu mama mjamzito wa Maeni ambaye jina lake na tarehe anayotarajia kujifungua vimeandikwa. Inamhusu mwenye kibanda sokoni ambaye nambari ya kitambulisho chake imo kwenye orodha ya leseni. Inamhusu kijana wa Kamukuywa aliyepimwa, akapewa majibu, na hataki majirani wayajue. Habari hizi zimehifadhiwa mahali, na wanaoziandika na kuzisoma hawakai ofisini. Wako njiani: leo Kibingei, kesho Bungoma mjini kwa mkutano, keshokutwa Kitale kwa mafunzo. Mtu wa namna hiyo anafunguliwaje kabati la rekodi popote alipo, bila kabati hilo kuachwa wazi kwa kila mpita njia? Hilo ndilo swali.

Zamani kabati lilikuwa kabati kweli. Mhudumu wa afya ya jamii alibeba vitabu vya Wizara ya Afya: MOH 513, ambayo ni rejista ya kaya, na MOH 514, ya huduma alizotoa. Mwisho wa mwezi hesabu zilijumlishwa kwenye fomu ya MOH 515. Vitabu hivyo vilinyeshewa, vilipotea, na pengine vilisomwa na watu wa nyumbani kwa mhudumu. Lakini aliyetaka kuvisoma ilibidi avifikie kwa mkono. Mtu aliye ng'ambo ya bahari hakuwa na njia ya kufungua begi lililotundikwa ukutani Kibingei.

Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii. Wahudumu zaidi ya 100,000 kote nchini walitengewa mifuko ya vifaa na simu, kila mmoja akitarajiwa kuzihudumia kaya kama 100. Ndani ya simu kuna mfumo unaoitwa eCHIS, ambao umechukua kazi ya vitabu vile. Mhudumu anaandika mlangoni mwa mwenye nyumba, na simu inatuma maandishi kwenye hifadhidata.

Hifadhidata ni kabati la rekodi lililo ndani ya kompyuta, na kompyuta inayolibeba huitwa seva. Tofauti yake na kabati la mbao ni kwamba watu 1,000 wanaweza kulifungua kwa wakati mmoja wakiwa mahali 1,000 tofauti. Faida yake ni hiyo, na hatari yake ni hiyo hiyo.

Sasa kuhusu anwani, maana tatizo lote limefungwa hapo. Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti hupewa nambari ili majibu yajue pa kurudi. Nambari hiyo ndiyo anwani. Utaratibu wa zamani wa anwani, ambao bado unatumika sana, una nafasi ya nambari zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na vifaa vimekwisha kupita idadi hiyo. Kwa hiyo kampuni ya simu haimpi mteja anwani ya kudumu. Inamwazima moja, na mara nyingi inawapitisha wateja wengi sana nyuma ya anwani moja.

Chukueni mfano wa mhudumu anayeanza siku Kimilili mjini. Simu yake ina anwani fulani. Anapanda kuelekea Kapsokwony, mtandao unakatika kwenye vilima, ukirudi anwani ni nyingine. Jioni yuko Kamukuywa kwenye wi-fi ya kituo, ana anwani ya tatu. Usiku amelala Kitale kwenye nyumba ya wageni, ya nne. Mtu ni yule yule na simu ni ile ile. Anwani hii haifanani na nambari ya ploti. Inafanana na kiti cha matatu: abiria akishuka Kamukuywa, mwingine anakikalia kabla hakijapoa. Na mlinzi aliye mbali haoni hata kiti. Anachoona ni nambari ya gari tu, na ndani ya gari kuna watu wasiojuana.

Maafisa wengi wa kompyuta walifunzwa kulinda hifadhidata kwa orodha ya anwani. Anwani iliyo kwenye orodha inafunguliwa, isiyokuwamo inafukuzwa. Kwa ofisi isiyohama utaratibu huu si mbaya. Makao makuu ya kaunti yakiwa na laini ya intaneti yenye anwani ya kudumu, orodha inasaidia, na ikiwezekana ibaki. Shida inaanza siku afisa anapotoka nje ya lango la ofisi na laptopu yake.

Inaanza hivi. Ijumaa saa tisa alasiri afisa yuko Kitale na ripoti inasubiriwa. Hifadhidata inamkataa. Anapiga simu ofisini. Mwenzake, kwa nia njema kabisa, anaiongeza anwani yake mpya kwenye orodha. Jumatatu yuko Webuye, wanaongeza nyingine. Baada ya miezi mitatu orodha ina anwani 50 na hakuna anayekumbuka ipi ilikuwa ya nani. Wakati huo ile ya Kitale imeshaazimwa mtu mwingine, pengine wateja wengi, wasiohusika na afya wala kaunti. Orodha iliyokusudiwa kuwa ukuta imegeuka ua wa michongoma wenye mapengo, na mbaya zaidi, walio ndani bado wanauona kama ukuta.

Hatua inayofuata ndiyo mbaya kuliko zote, na huchukuliwa na mtu aliyechoka. Simu zimezidi, wakubwa wanalalamika kwamba kompyuta zinakwamisha kazi, na anaamua kufungua kwa anwani zote. Kwenye programu za hifadhidata zinazotumika sana, kama MySQL na PostgreSQL, jambo hilo halichukui dakika tano. Kuna anwani ya sufuri nne, 0.0.0.0, ambayo maana yake ni kusikiliza kila upande. Akishaiandika, na ukuta wa kinga ukishalegezwa, malalamiko yanakwisha. Wa Kitale anaingia, wa Webuye anaingia. Na aliye popote duniani anaweza kubisha hodi.

Watu husema, nani ataitafuta seva ya kaunti ya huku kwetu? Hakuna haja ya kuitafuta. Kuna programu zinazopita kwenye anwani zote za dunia, moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikijaribu milango inayojulikana. MySQL kwa kawaida hukaa kwenye mlango nambari 3306, PostgreSQL kwenye 5432. Tangu mwaka 2009 kuna hata huduma iitwayo Shodan inayoorodhesha vifaa vilivyo wazi, na yeyote anaweza kuitumia kutafuta. Aliyeacha mlango wazi leo jioni ataanza kubishiwa hodi kabla ya usiku kuisha.

Januari 2017 dunia iliona matokeo yake. Hifadhidata za aina ya MongoDB, nyingi zikiwa zimesimikwa bila nywila na kuachwa zikitazama intaneti, zilivamiwa kwa wimbi moja. Ndani ya siku chache zaidi ya 20,000 zilikuwa zimefutwa, na mahali pa rekodi pameachwa ujumbe wa kudai fidia kwa sarafu ya Bitcoin. Wengi waliolipa hawakurudishiwa kitu, kwa sababu wavamizi wengine walifuta bila hata kunakili. Julai 2020 likaja wimbi jingine. Maelfu ya hifadhidata zilizokuwa wazi zilifutwa na mashine iliyoacha neno "meow", mlio wa paka, bila kudai chochote. Wamiliki hawakuwa na ugomvi na mtu. Milango yao ilikuwa wazi tu, na mashine ikapita.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya mtaani huyachanganya. Mwishoni mwa Julai 2023 huduma za eCitizen zilikwama, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililofanya. Serikali ilisema mfumo ulifurikwa na maombi mengi kupita kiasi na kwamba data haikupotea. Hiyo ni sawa na umati kuziba mlango wa benki ili wateja wasiingie. Inaudhi na inagharimu, lakini si sawa na mtu kuingia chumba cha hazina akiwa peke yake, akasoma, akatoka kimya. Mada hii inahusu huyo wa pili, ambaye mara nyingi hakuna anayejua kwamba alikuja.

Nchi hii ilikutana na swali la wasafiri mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011 Kenya ilieneza nchi nzima mfumo wa takwimu za afya uliojengwa kwa programu ya DHIS2, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wazo la awali lilikuwa kusimika programu hiyo kwenye kompyuta za kila wilaya. Majaribio ya mkoa wa Pwani yakaonyesha kuwa modemu za simu zinatosha, ikaamuliwa seva iwe moja ya kitaifa na maafisa wa rekodi waingie kwa intaneti. Kwa hiyo tangu mwanzo watumiaji walikuwa watu wa modemu, watu ambao anwani zao hubadilika kila wanapochomeka na kuchomoa. Kuwafungia kwa orodha kusingewezekana hata kwa siku moja.

Kilichofanya mpango ule uwezekane ni kwamba mtumiaji wa kawaida wa DHIS2 hafiki kwenye hifadhidata yenyewe. Anafika kwenye programu iliyosimama mbele yake. Programu inamuuliza jina na nywila, inaangalia amepewa ruhusa ya kuona nini, kisha yenyewe ndiyo inayoenda kabatini na kurudi na kilichoombwa. Ni kama dirisha la dawa hospitalini. Mgonjwa anapeleka karatasi, mhudumu wa ndani anasoma, anatoa dawa iliyoandikwa na si nyingine. Hakuna hospitali inayowaruhusu wagonjwa waingie stoo wachague chupa, eti kwa sababu foleni ni ndefu. Mlango wa hifadhidata, ule wa 3306 au 5432, unabaki umefungwa kwa dunia nzima, na dirisha peke yake ndilo linalotazama nje.

Hata hivyo wapo wachache ambao dirisha haliwatoshi. Mtaalamu anayerekebisha hifadhidata, au mchambuzi anayetayarisha takwimu za mwaka akiwa safarini, anahitaji kufika ndani. Kwa watu hao dawa ni kuacha kuamini anwani na kuamini ufunguo.

Wazo hili si geni. Mwaka 1995, mtafiti wa Finland aitwaye Tatu Ylönen, baada ya mtandao wa chuo kikuu chake kuvamiwa na nywila kunaswa zikiwa njiani, aliandika programu ya SSH. Kwa SSH, mazungumzo kati ya kompyuta mbili yanasimbwa, kiasi kwamba anayesikiliza katikati anaambulia herufi zisizo na maana. Mtumiaji anaweza pia kujitambulisha kwa jozi ya funguo. Mmoja ni wa siri na hautoki kwenye kifaa chake. Wa pili si siri na unawekwa kwenye seva. Seva inatoa fumbo ambalo mwenye ufunguo wa siri peke yake anaweza kulijibu. Akijibu, anafunguliwa, awe Kimilili au Muscat.

Njia nyingine ni ile inayojulikana kwa herufi VPN, yaani barabara ya faragha inayopita ndani ya barabara ya umma. Mojawapo ya programu zake, WireGuard, iliingizwa rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2020, na imetengenezwa kana kwamba aliyeibuni alikuwa amewahi kupanda matatu ya Kitale. Kwake mtu ni ufunguo wake. Anwani ikibadilika katikati ya safari, seva inaona kwamba ujumbe umefungwa kwa ufunguo ule ule unaojulikana, inaandika anwani mpya ya kumrudishia majibu, kazi inaendelea. Hakuna kupiga simu ofisini Ijumaa saa tisa. Na asiye na ufunguo hajibiwi kabisa, hata neno la kumkatalia halipewi, kwa hiyo ile mashine inayopita ikibisha hodi haijui kama kuna nyumba.

Lakini barabara ya faragha ina kosa lake linalorudiwa sana. Mtu akishaingia, anakuta milango yote ya ndani iko wazi, ya afya, ya mapato, ya mishahara. Huo ni uzembe. Barabara ya mchambuzi wa afya iishie kwenye chumba cha afya, na ndani ya chumba apewe ruhusa ya kusoma tu kama kazi yake ni kusoma. Anayetayarisha idadi ya watoto waliochanjwa hahitaji kuona majina ya mama zao. Akaunti kuu, yenye uwezo wa kufuta kila kitu, isitumike kutoka safarini hata kidogo, labda kwa dharura, na dharura hiyo iandikwe.

Pia ufunguo pekee hautoshi kwa akaunti nzito. Laptopu inaweza kuibwa na ufunguo ukiwa ndani. Ndiyo maana huongezwa uthibitisho wa pili, nambari ya muda mfupi. Wengi wamezoea kuipokea kwa SMS, na ni afadhali kuliko kukosa, lakini Mkenya hahitaji kufundishwa jinsi laini ya simu inavyohamishwa na matapeli kwenda kwenye kadi nyingine. Nambari inayotengenezwa na programu ndani ya simu yenyewe haihamishwi kwa njia hiyo.

Turudi kwa mhudumu wa kijijini, maana yeye ndiye aliye na watu wengi zaidi mkononi. eCHIS imejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu ya wazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Mhudumu anafanya kazi bila mtandao. Rekodi zinakaa kwenye simu, na mtandao ukipatikana simu inazipeleka kwenye seva na kuchukua mpya. Simu haigusi hifadhidata moja kwa moja. Inazungumza na dirisha, kwa njia iliyosimbwa, na dirisha linampa rekodi za kaya za eneo lake tu. Mhudumu wa Maeni hapati za Kibingei. Mtu akiiba nywila yake ameiba kaya 100 au zaidi kidogo. Hilo ni baya, lakini si kaunti nzima.

Upande wa pili wa mpango huo ni kwamba simu imekuwa kipande cha kabati. Majina yamo humo hata mtandao ukizimwa. Kwa hiyo nambari ya kufungua skrini si pambo. Simu inayofunguliwa kwa kupitisha kidole tu, au ambayo watoto wanaitumia kuangalia video jioni, ni kitabu cha MOH 513 kilichoachwa mezani hotelini. Na kuna uvujaji ambao hakuna ufunguo wala barabara ya faragha inayoweza kuuzuia: picha ya skrini iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mhudumu anataka ushauri kuhusu mgonjwa, anapiga picha ya ukurasa, anaitupa kwenye kundi lenye watu 80. Nia yake ni kusaidia. Majirani wawili wa mgonjwa wamo kwenye kundi. Penye haja ya ushauri, ampigie msimamizi wake, na jina liachwe nje.

Jambo hili lina sababu yake, na si haki kumlaumu mhudumu peke yake. Mfumo ukimfungia nje mara tatu kwa wiki, atatafuta njia ya kando, kwa sababu mgonjwa yuko mbele yake na kazi lazima iende. Ataandika kwenye karatasi, atatumia akaunti ya mwenzake, atatuma kwa WhatsApp. Ulinzi unaozuia kazi huzaa mashimo mapya kuliko ulioziba. Maafisa wanaonunua na kusimika mifumo wangefaa kukaa siku moja na mhudumu juu kule ambako mtandao ni wa kubahatisha, waone anaingia mara ngapi na anakataliwa mara ngapi.

Akaunti za pamoja nazo ziishe. Kuna vituo ambako watu sita wanaingia kwa jina moja, na nywila imebandikwa ukutani karibu na kalenda. Hifadhidata nzuri huandika kwenye daftari lake nani aliingia, saa ngapi, akaona nini. Daftari likisema kwamba mtu wa jina "kliniki" alisoma faili 300 saa tisa usiku kutoka anwani ya Kitale, daftari hilo halimsaidii mtu, kwa sababu "kliniki" ni watu sita na anwani ni kiti cha matatu. Kila mtu awe na jina lake, na anayehamishwa au kuacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa mapato maelezo ni mafupi, kwa kuwa mambo ni yale yale. Kifaa cha karani anayetoza ada sokoni nacho husafiri na anwani zinazobadilika. Kinapaswa kuweza kuandika malipo ya siku na kutoa risiti, na kisiweze kurekebisha malipo ya jana. Mfanyabiashara anayepewa risiti ya kifaa aihifadhi. Ndiyo nakala yake pekee iliyo nje ya kabati.

Sasa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inaifunga serikali ya kaunti sawa na kampuni. Anayekusanya data lazima amweleze mwenyewe inakusanywa kwa nini. Mkazi ana haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yake, na kusahihishiwa kilicho cha uongo. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya madhara, ofisi inayohusika ina saa 72 tangu kujua kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data, na mwenye data naye aelezwe. Mkazi asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 nayo imekuja juu ya hiyo, mahsusi kwa rekodi za afya.

Kwa hiyo mkazi anayetembelewa nyumbani ana ruhusa kamili ya kuuliza. Hii unayoandika inaenda wapi? Nani mwingine anaiona? Simu hii ikipotea inakuwaje? Mhudumu asichukue maswali haya kama dharau. Na kama hana majibu, msimamizi wake anapaswa kuyatafuta.

Swali la mwisho kati ya hayo ndilo linaloulizwa zaidi, kwa hiyo lifuatwe hatua kwa hatua. Simu imebaki kwenye matatu ya Kitale saa kumi na mbili jioni. Mhudumu anagundua akiwa ameshashuka Kamukuywa. Anaazima simu na kumpigia msimamizi wake jioni hiyo hiyo. Asisubiri asubuhi, wala asizunguke stendi siku mbili akiitafuta kimya kimya kwa kuogopa kulipishwa. Woga huo ndio unaompa mwizi muda, na wakubwa wanaofoka simu inapopotea wanaulea. Msimamizi anawaarifu watu wa kompyuta, nao wanaifunga akaunti yake na kuondoa ufunguo wa simu ile kwenye seva. Mwingine yeyote hasumbuliwi. Kama wangekuwa wanatumia nywila moja ya pamoja, kituo kizima kingebadilisha usiku huo. Mhudumu anaifunga laini yake kwa kampuni ya simu, kisha anapeleka kituo cha polisi nambari ya IMEI, ile inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, ambayo alikuwa ameiandika kwenye karatasi nyumbani siku alipokabidhiwa simu. Saa 72 za kisheria zinahesabiwa tangu ofisi ilipojua, na maafisa wanapima: je, skrini ilikuwa imefungwa, majina mangapi yalikuwamo, wenyewe waambiwe vipi.

Akipewa simu nyingine, anaingia kwa jina lake, na rekodi zote zilizokuwa zimefika kwenye seva zinarudi. Zile alizoandika tangu mara ya mwisho simu ilipopata mtandao hazirudi. Ndiyo maana mhudumu anayejua kazi huhakikisha simu imetuma kila kitu kabla hajapanda gari. Kaya alizozitembelea siku hiyo na hazikutumwa, itabidi azirudie moja moja, aeleze kilichotokea, na kuuliza upya.